Leseni ya Marehemu

Chiwanda,
6 Novemba 1994

Kwa Mama Edina,

Salamu zikufikie hapo Matiri, wewe na watoto wote wawili. Mimi huku mzima. Mguu unauma kukiwa na baridi, lakini huku ziwani baridi yenyewe ni ya kutafuta. Barua hii nimempa Sista Hedwiga anayepanda Mbinga na gari la misheni. Amebeba pia kikapu cha usipa, dagaa wa huku ziwani. Wamekauka vizuri, ila wapepete kwanza, maana wanaanikwa mchangani na mchanga haukosekani. Mwambie Edina asimpe paka vichwa vyote.

Nimepata kazi. Yupo mfanyabiashara anaitwa Meshack. Zamani alikuwa karani wa duka la ushirika, duka lilipokufa yeye akabaki na rafu na funguo, na sasa ni duka lake. Siku hizi ndivyo mambo yalivyo, kila mtu anauza na hakuna anayemwuliza mwenzake kibali. Amenunua Isuzu iliyotumika. Inapandisha usipa na mitumba huko kwenu milimani, inashusha mahindi na maharage. Alikuwa anahangaika kutafuta dereva. Nikamwonyesha leseni, akasoma jina, akasema, "Karibu, Nazari." Nikasema asante.

Najua utauliza. Leseni nilipewa na Mzee Xaveri siku ya kuanua matanga, mbele ya ukoo mzima, pamoja na koti na jembe. Ulikuwepo. Alisema cha Nazari ni cha huyu, na kuanzia leo huyu ndiye Nazari, ndiye baba wa watoto wake. Mimi sikuomba. Basi nafanya nilichoambiwa.

Watoto wasome. Nitatuma kitu kila nikipata mtu wa kumwamini.

Ni mimi,
Nazari


Matiri,
18 Desemba 1994

Kwako uliyeko Chiwanda,

Salamu. Sisi wazima wa mwili. Mvua ilichelewa halafu ikaja yote kwa pamoja, mashimo mawili matatu ya ngolo upande wa mtoni yamebomoka na maharage yamekwenda na maji. Kahawa tuliuza kwa wale wanunuzi binafsi waliokuja na mizani yao. Mizani yao naiona ina jeuri, lakini wanalipa hapo hapo, na ushirika mpaka leo unatuambia tusubiri. Usipa tumewapata. Paka naye amepata, nisikudanganye.

Sasa hilo la leseni. Mimi si mwanasheria, lakini nilikuwepo mahakamani Mbinga siku hakimu anakusomea hukumu, wewe umekaa kwenye benchi na magongo yako. Alisema umefungiwa kuendesha gari la aina yoyote kwa miaka mitatu. Akasema ukikamatwa unaendesha kabla haijaisha ni jela. Haijaisha hata miwili. Hiyo unayowaonyesha watu ni leseni ya mume wangu na picha iliyomo ni yake. Mnafanana, sikatai, mdogo mtu na kaka yake. Lakini masikio yale si yako.

Ukoo ulikupa jina. Sikubisha. Niliambiwa nisimame niseme "huyu ndiye Nazari" na nikasema. Wazee walipotaka kwenda mbele zaidi, mpaka ndani ya nyumba, Padri aliwakatalia na mimi nilimshukuru. Jina mlichukua. Sikujua na leseni imo.

Luisa amemwambia mwalimu wa chekechea kwamba baba yake ni dereva, yuko ziwani, siku moja atakuja na gari kubwa. Mwalimu akanitazama. Ni mtu wa hapa hapa, alikuja mazishini na mahindi kwenye ungo. Nikasema ndiyo, yuko ziwani. Niseme nini?

Watu wa jumuiya wananisifu kwamba nimejikaza. Sijajikaza. Nalima, napika, nalala, naamka. Sisikii kitu. Nimekata kidole kwa panga wiki iliyopita, nikaona damu kwanza ndipo nikajua.

Aurelia


Chiwanda,
26 Februari 1995

Kwa Mama Edina,

Salamu nyingi, na poleni na mvua. Nimechelewa kujibu kwa sababu barabara ilikatika, magari yalilala njiani na sisi tukalala nayo. Huku embe zimekwisha, samaki wa mbasa wamepungua, watu wanasubiri mahindi mapya. Meshack anawasalimu. Edina amefaulu? Mwambie aniandikie mwenyewe, mwandiko wake naupenda.

Nina habari isiyo nzuri. Nimekamatwa. Ilikuwa kwenye kizuizi, kabla ya kuingia Mbamba Bay. Trafiki alikuwa kijana mgeni, akaangalia tairi, akasema la nyuma limekwisha, nikakubali. Leseni akaishika mwenzake, mzee aliyewahi kufanya kazi Mbinga. Akaitazama, akanitazama. Akasema, "Nazari Kapinga si yule aliyekufa kwenye ile ajali ya kushuka Nyasa? Ile ajali nilipima mimi." Nikamwambia Nazari ndiye mimi. Alicheka kwanza. Halafu akaniambia nizime gari.

Meshack amenidhamini, niko nje. Mashitaka ni mawili: kuendesha gari nikiwa nimefungiwa na mahakama, na kutumia leseni isiyo yangu. Niliposomewa nilisema si kweli, mimi ni Nazari Kapinga. Sikuona kama nadanganya. Tangu siku ile hakuna anayeniita vinginevyo, hata wewe huniiti kwa lile la zamani. Hakimu akaeleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Kama kweli mimi ni Nazari, basi hapa kuna tairi bovu tu, nitaonywa niende. Kama ni Flaviani, ni jela, na nikitoka nafungiwa upya, miaka inaanza kuhesabiwa mwanzo. Akasema mke wa Nazari aje aseme.

Wito utakufikia. Kesi imehamishiwa Mbinga ili usishuke huku. Ninachokuomba ni kidogo. Sema vile vile ulivyosema siku ya kuanua matanga, maneno yale yale, usiongeze na usipunguze. Nikiingia jela watoto hawatakuwa na baba wa pili wala wa kwanza.

Nazari


Matiri,
2 Aprili 1995

Kwako uliyeko Chiwanda,

Salamu. Wazima. Edina amefaulu, ameshika nafasi nzuri, ila kuandika barua anasema hajui aanze na neno gani. Nimemwacha. Luisa alikuwa na surua imepita.

Wito umefika, balozi wa nyumba kumi aliuleta mwenyewe na akakaa kuusoma kwa sauti, kana kwamba mimi sikusoma. Kufumba na kufumbua kijiji kizima kikajua. Jumapili Mzee Xaveri akaja na wenzake wawili. Walikunywa chai, wakasifu kahawa yangu ilivyozaa, wakaulizia ng'ombe aliyekufa mwaka juzi, mradi wazunguke weee. Mwisho akasema, kama mkubwa wa ukoo, kwamba kazi yangu ni nyepesi. Mbele ya ukoo nilishasema. Mahakama ni watu wageni tu, wanahamishwa kila mwaka, watajua nini cha kwetu? Nirudie nilichosema, basi, tule ugali wetu. Nikamjibu nimesikia. Aliondoka ameridhika.

Padri naye nilimwuliza baada ya misa. Amesema kiapo ni kiapo, halafu akauliza watoto wanakula nini. Hakuniambia nifanye nini, na sikumlazimisha.

Sijaamua. Ningekuwa nimeamua ningekwambia, sikuchezei. Nikifikiria ukiwa jela sisikii huruma, nikifikiria ukiwa nje sisikii furaha. Nafikiria nauli, na nani atalala na watoto.

Ila nina swali. Asubuhi ile mlipoondoka hapa, Nazari ndiye alikuwa dereva na gari alikabidhiwa yeye. Wewe ulipanda upate kufika Liuli. Alikaa kwenye usukani, nilimwona kwa macho yangu, akanipungia mkono. Walipomtoa alikuwa upande wa abiria. Ulikuwaje kwenye usukani wewe? Mahakamani ulisema "nakubali kosa" na ukanyamaza. Kwangu hujawahi kusema lolote.

Aurelia


Chiwanda,
7 Mei 1995

Kwa Mama Edina,

Salamu nyingi. Mvua zimekata na ziwa limetulia. Usipa ni wengi mpaka wengine wanaoza, kwa sababu Isuzu imesimama. Meshack amejaribu dereva mwingine, akaichoma klachi siku ya kwanza. Watu wa vyama wameanza kupita na bendera, kila wiki chama kipya, wanaahidi barabara. Mimi nashona nyavu za watu. Vidole vinajifunza.

Nimefurahi Edina kufaulu. Surua huku nako ilipita, mlimpa Luisa majani ya muarobaini?

Kesi ni tarehe 14 Juni, asubuhi. Vaa koti, Mbinga mwezi huo baridi unaijua.

Swali lako nimelisoma.

Nazari


Matiri,
25 Juni 1995

Flaviani,

Salamu. Sijui barua za gerezani zinachukua muda gani, wala kama wanazisoma kwanza. Wakisoma wasome. Watoto wazima. Kahawa imeanza kuiva, tunachuma.

Ulikuwepo mahakamani, lakini uliangalia sakafu tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo nakuandikia, maana naona ulisikia bila kuona.

Nilikuja nikiwa tayari kusema. Nataka ujue hilo. Njia nzima Mzee Xaveri alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu, anageuka kunikumbusha maneno, na mimi nayarudia kama mtoto wa kipaimara. Huyu ndiye Nazari. Huyu ndiye Nazari. Nilishayasema mara moja na hayakuniua. Nilishika Biblia, nikaapa, nikamngoja hakimu aniulize huyu ni nani, nimjibu niende zangu nikachume kahawa.

Hakuuliza hivyo. Aliinua macho, akavua miwani, akasema, "Mama, pole kwa safari. Mume wako yu hai?"

Flaviani, tangu tumzike hakuna mtu aliyeniuliza. Msibani walisema amelala. Kwenye kuanua matanga wakasema huyu hapa, hajaenda popote. Mzee Xaveri akaniambia nisivae nyeusi kwa muda mrefu kwa kuwa mwenye jina yupo. Barua zikaja zimeandikwa Nazari chini. Luisa anangoja gari. Mimi mwenyewe kuna siku nilisahau, nikakutilia chakula pembeni, sijui nilimtilia yupi kati yenu. Halafu hakimu, mwanamke nisiyemjua, ananiuliza kwa upole kama anavyouliza bei ya nyanya.

Nikasema amekufa. Hakunisikia, akasema sema kwa sauti. Nikasema, "Mume wangu amekufa, tumemzika Matiri." Ilitoka kubwa mno, karani akaacha kuandika. Nikalia pale pale kizimbani mpaka wakaniletea kiti. Nililia kilio cha msibani, kile cha kushika kichwa, ambacho siku ya msiba wenyewe hakikutoka. Watu waliokuja kwa kesi za mbuzi na mipaka walinisikiliza.

Miezi minane uliyopewa niliisikia nikiwa bado nalia. Na kufungiwa tena baada ya hapo. Ni mimi niliyekupeleka, sitajificha nyuma ya hakimu. Mzee Xaveri alikataa kupanda gari moja nami kurudi, na tangu siku hiyo nyumba yake naipita njiani kama ukuta.

Niliporudi niliwaita watoto. Edina alikuwa anajua siku zote, aliniambia mama usijisumbue. Luisa alisikiliza, akauliza, "Sasa kule ziwani yuko nani?" Nikamwambia yuko baba yako mdogo Flaviani. Akasema aha, akaenda kucheza. Usiku ule alikojoa kitandani, na mpaka leo.

Na jambo la mwisho. Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha. Sijawahi kulisema wala kuliandika, na wakakuvika jina lake nikashindwa kabisa, maana ningekulaumuje kwa jina hilo hilo? Sasa nimeliandika. Siku nyingine nakuchukia. Siku nyingine nakumbuka ulivyombeba Edina mgongoni akiwa na homa. Siku nyingi zilikuwa hazina kitu, na afadhali hii ya kuchukia.

Aurelia


Gerezani,
20 Agosti 1995

Shikamoo shemeji,

Nakuamkia kama zamani, kabla ya yote. Watoto hawajambo? Mwambie Luisa baba mdogo anamsalimu. Mimi mzima. Tunalima mboga bondeni na tunapalilia, chakula kinatosha kwa mtu asiyechagua. Barua wanasoma, ndiyo, lakini askari anayesoma ni mtu wa Ukata na ni mpole.

Siku ya kwanza kuitwa majina, "Flaviani Kapinga" iliitwa na sikuitika. Ikaitwa tena. Wenzangu wakadhani mfungwa ametoroka kabla hajaingia, wakacheka sana. Nyapara akaniuliza kama mimi ni kiziwi. Sasa naitika.

Swali lako. Kaka alikuwa na malaria tangu jana yake, hakukuambia kwa kuwa ungemzuia. Tulipofika juu, kabla mlima haujaanza kushuka, alisimamisha gari akatetemeka. Akasema, "Mdogo wangu, shika mpaka chini, nilale kidogo." Mimi nilikuwa na leseni, nilikuwa nimeshazoea magari madogo, na lile lilikuwa limejaa. Nilikuwa sijalewa na sikukimbia. Nilichelewa kupunguza gia, breki zikashika moto, kwenye kona zikakataa. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mlango. Hakuamka. Hilo nakuapia, hakuamka hata kidogo.

Sikusema kwa sababu nikisema alikuwa mgonjwa ni kama namtupia yeye. Gia ni yangu. Nikaona ninyamaze, na nilivyonyamaza siku ya kwanza nikashindwa kuanza siku ya pili.

Mlipomzika nilikuwa wodini, mguu umefungwa juu. Nilipotoka, Mzee Xaveri akaniambia mwenye kubeba jina halii. Atajililiaje, naye yuko hai? Wala hafiki kaburini, maana mtu haonyeshwi kaburi lake. Nikatii. Nilipotaka kulia nilijiambia, Nazari yupo, ndiye mimi, anaendesha Isuzu. Nikawa nakula, nafanya kazi, naongea na watu, lakini ndani hapakuwa na mtu wa kwangu wala wa kwake.

Uliposema pale kizimbani kwamba amekufa, mimi ndiyo nilikuwa naambiwa kwa mara ya kwanza. Sikukuangalia kwa sababu hiyo. Haikunijia pale pale. Ilinijia huku, wiki ya tatu, tuko shambani katikati ya palizi. Nilikaa chini kwenye tuta nikamlilia kaka yangu mpaka nyapara akaacha kunifokea akaniletea maji. Kosa umenifanyia wewe, watu wanasema. Mimi silioni.

Usinilishe mimi tena, usitume kitu, watoto kwanza. Ninachoomba ni kimoja. Nikitoka nipeleke kaburini. Sijawahi kufika, sijui hata liko upande gani.

Shemeji yako,
Flaviani


Matiri,
1 Oktoba 1995

Shemeji Flaviani,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka, nikaendelea kuchuma. Jioni nikaisoma tena. Kumbe ndiyo maana asubuhi ile alikunywa uji kidogo. Niliona nikadhani ana haraka. Ningemshika mkono ningesikia joto. Na hilo sasa ninalo mimi, utanisamehe nikilibeba polepole.

Sijakusamehe bado. Sijui kama nitafika, na usiniulize kila barua. Luisa ameacha kukojoa kitandani. Edina amekuandikia, karatasi yake imo humu ndani, sijaisoma.

Kaburi liko juu ya kanisa la kigango, safu ya pili kutoka kwenye miti. Halina saruji, lina msalaba wa mti na majani yanaota haraka sana mvua zikianza. Ukitoka njoo moja kwa moja hapa kwangu, usipitie kwa Mzee Xaveri wala kwa mtu mwingine. Nitakupeleka mwenyewe. Nitakuonyesha, halafu nitakaa pembeni mpaka umalize. Ukimaliza tutashuka nyumbani, ule.

Shemeji yako,
Aurelia